Baharia wa Mlima Mweusi katika Sabla ya Ami

Mjukuu wangu, yule anayekaa Qurum, mtaa wa wenye nazo hapa Maskati, kwenye nyumba yenye vyoo vingi kuliko watu, alikuja Ijumaa moja akaniwekea simu yake puani. "Babu, tazama tunakokwenda likizo." Nikatazama. Milima imeshuka wima mpaka baharini, na chini yake mji mdogo wa mawe wenye mapaa mekundu. Akasema nchi yenyewe inaitwa Montenegro, wewe huijui. Nikamwambia mie nnaijua kabla baba yako hajazaliwa, tena nnaijua kwa maana ya jina lake, Mlima Mweusi, na nnajua chumvi yao inatoka wapi na binti za mfalme wao waliolewa na nani. Akacheka. Babu yake skuli aliingia kwa mlango akatoka kwa dirisha, Ulaya hakufika hata kwa ndoto, kaijulia wapi? Nikamwambia kaa nikwambie. Hakukaa, alikuwa na miadi. Vijana wa siku hizi wana miadi mpaka na kinyozi. Basi nnakuhadithieni nyinyi.

Sisi tuliingia Maskati mwaka sitini na nne, baada ya yale mambo ya Unguja ambayo leo siyaelezi, maana nikianza hatumalizi. Mie, mama na dada zangu wawili. Kuingia huku wakati ule si kama sasa. Wengi katika jamaa zetu walikataliwa wakaishia Dubai, wengine Misri, wengine mpaka leo wako Uingereza wanalalamika baridi. Sisi tuliingia kwa sababu ya Ami, kaka yake marehemu baba, ambaye alirejea Omani miaka mingi nyuma, akawa na nyumba Matrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati, na jina zuri kwa wakubwa. Ami alisimama akasema hawa ni wangu, nawadhamini. Bila ya mdhamini ulikuwa si mtu, ulikuwa mzigo uliosahauliwa pwani.

Na mji wenyewe, wallahi, ukiwaelezea hawa wajukuu wanadhani nnatunga. Miwani ya jua usivae. Sigara usivute njiani. Milango ya mji wa Maskati ikishafungwa, ukitaka kutembea ndani ubebe kandili uonekane uso, na tochi haikubaliwi, iwe kandili ya moto. Skuli za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki. Huu mtaa wa Wadi Kabir wa magereji mnaouona ulikuwa mbuzi na migunga. Mtaa wa Ghala sijui hata kama ulikuwa na mbuzi. Lakini tulikuwa tukicheka, msinielewe vibaya. Mtu aliyekimbia na roho yake hucheka kwa kitu kidogo.

Ami hakuwa mtu wa kucheka sana. Alikuwa ameacha mashamba ya mikarafuu Pemba, yakachukuliwa yote katika yale mambo, na tangu siku ile alikuwa na neno moja kwa kila baya la dunia: makomunisti. Maziwa yakichacha, makomunisti. Mbuzi wa jirani akila kanzu kwenye kamba, huyo mbuzi komunisti. Mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Bwana, hao makomunisti hawalali? Maana kazi zao nyingi mno."

Mie nilipata kazi hospitali ya wamisheni, palepale Matrah. Kuosha sakafu, kubeba wagonjwa, kuchemsha vyombo. Siku moja ikaletwa machela kutoka pwani, juu yake mtu mrefu mpaka miguu inaning'inia. Meli ya mizigo ya Yugoslavia ilikuwa imetia nanga nje, maana gati ya meli kubwa ilikuwa haijajengwa, mizigo ikiteremshwa kwa matishari, na huyu baharia wao kashikwa na tumbo. Kidole tumbo. Daktari akampasua mchana uleule. Meli ilingoja mpaka asubuhi, kisha ikaenda zake Basra. Nahodha hana subira ya mshono wa mtu.

Sasa mie nilipokuwa nnamfuta jasho nilidhani ni mtu wetu. Rangi maji ya kunde, nywele za kipilipili zimeanza mvi, pua ya kwetu kabisa. Akafumbua macho. Yallah! Macho kijani kama ya paka.

"Rafiki," akasema, "lete maji."

Kiswahili! Nikamuuliza, "Wewe mtu wa wapi, ndugu yangu?"

"Mimi? Mimi mtu ya Ulaya."

Nikamwita mwenzangu aje aone dawa ya usingizi ilivyomtia mtu wazimu.

Kumbe hakuwa na wazimu. Meli zao zilikuwa zikifika Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, na Unguja kwenyewe, miaka na miaka, na yeye alijifunza kwa makuli na wauza machungwa. Kiswahili chake kilikuwa hakina heshima wala viungo, lakini kilikuwa kinafika. Na kwa vile daktari hakuwa na lugha ya kusema naye, nikawa mie ndiye mkalimani. Mara ya kwanza maishani mwangu kutumwa kazi ya mdomo.

Akanieleza kwao. Mji unaitwa Ulchini, uko ukingoni mwa nchi ya Mlima Mweusi, karibu na Albania. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa chumba kimoja katika nyumba kubwa ya Yugoslavia. Ulchini ni mji wa manahodha, na zamani, alisema bila ya haya, ulikuwa mji wa maharamia. Wakienda mpaka Trabulus ya Libya, wakirudi na mali na watu. Katika watu hao alikuwamo mtoto mdogo mweusi ambaye hakujua hata ametoka nchi gani. Mtoto huyo ndiye babu yake. Alikulia kwenye mashamba ya mizeituni ya bwana wake na kwenye jahazi lake, akaja akawa huru, akaoa, akawa nahodha mwenye jahazi lake mwenyewe. Na hawakuwa nyumba moja tu. Zilikuwapo familia kadhaa kama yao pale mjini, weusi kwa weupe, wote wanasema Kialbania, wote Waislamu, wote wanagombania samaki sokoni.

Sisi tulizoea kuhadithia habari hizi kutoka upande mwingine wa kamba, na mara nyingi hatuzihadithii kabisa. Mikarafuu ya Ami haikujipanda wala haikujichuma. Haya, nimesema, tuendelee.

Alinieleza na chumvi. Nyuma ya mji kuna uwanda, maji ya bahari yanaingizwa, jua linayakausha, watu wanakokota chumvi kama theluji, na ndege wa miguu mirefu wanakuja kutazama. Utotoni alifanya kazi hiyo. Na alisema upande ule, zamani, kijana hakuozwa mpaka apande mizeituni kadhaa kwanza, ionekane kama atakaa. Nikamuuliza, na wewe ulipanda? Akasema, "Mimi panda mbili, toroka bahari. Mke wangu kasirika mpaka leo." Alikuwa amemuahidi mkewe kuwa safari hii ndiyo ya mwisho, akirudi analima.

Basi likaja tatizo. Daktari akasema amepona, atoke, kitanda kinatakiwa. Wakala wa meli akasema meli itapita tena ikirejea kutoka Basra, itamchukua, lakini lini hajui, na yeye hana pa kumuweka. Akaja mtu wa liwali akasema kanuni ni moja: mgeni asiye na mdhamini katika mji hakai mjini. Ama apatikane mtu wa kusimama, ama apelekwe ngomeni angoje meli yake huko. Ngome mnaziona leo, zimetiwa taa nzuri, watalii wanazipiga picha. Wakati ule hakuna aliyezipiga picha. Kulikuwa na watu walioingia kwa jambo la siku mbili wakasahauliwa. Na huyu ana mshono mbichi tumboni, na joto lile.

"Rafiki," akaniuliza, "huko ngomeni kitanda iko?"

Nikamwambia nitasema na Ami.

Nikaenda kwa Ami nikambusu mkono, nikaubusu tena.

"Sema," akasema. "Ukibusu mara mbili una lako."

"Ami, kuna mgonjwa, mgeni, Muislamu, anataka mtu wa kumdhamini mpaka meli yake irudi."

"Wa nchi gani?"

"Yugoslavia, Ami."

"Si makomunisti wale?"

"Yeye Muislamu, Ami."

"Muislamu komunisti! Ushapata kuona samaki mwenye manyoya?"

"Yeye baharia tu."

"Na waliokuja kunichukulia mikarafuu yangu walikuwa nani? Mmoja alikuwa mpagazi tu, mwengine mpishi tu. Hakuna aliyekuja akasema mie komunisti mkuu."

Akavuta ndevu. Nilijua anataka kumuona, alikuwa mtu mdadisi chini ya ukali wake. Akasema, "Mlete Ijumaa baada ya sala. Watakuwapo wazee, na wao wamtazame, hawajapata kuona. Nitampa haluwa, nitampa kahawa, kisha nitampa jawabu lake, nalo ni hapana. Asende akasema nimemfukuza na njaa."

Nikarudi kumwambia baharia umealikwa. Lile jawabu sikumwambia. Nikamfundisha: viatu unavua mlangoni, haluwa unakula kwa vidole vya mkono wa kulia, kahawa unapokea kwa kulia, na ukitosheka kitikise kikombe, usipokitikisa utamiminiwa mpaka uzimie. Hilo la kutikisa mie mwenyewe nilijifunza kwa taabu. Unguja kahawa tukinywa barazani, ukitosheka unamrudishia muuzaji kikombe chake na mambo yamekwisha. Wiki ya kwanza Matrah nilikunywa kahawa mpaka mikono ikatetemeka, nikidhani ni adabu kumaliza, na wao wakidhani nina kiu ya ngamia.

Ijumaa ikafika. Sabla ya Ami, yaani kile chumba cha wanaume cha kupokelea wageni, ilikuwa ndefu, mikeka na mazulia, mito ukutani. Wazee wamejipanga mgongo ukutani, majambia kiunoni, kila mmoja kajifanya kaja kwa jambo jengine. Anayemimina kahawa, na jina lake kwetu lilikuwa hilohilo, mimina kahawa, alikuwa mzee mmoja mweusi aliyezaliwa katika nyumba ya babu yetu. Alikuwa amemtumikia Ami tangu ujana, na ulimi wake ulikuwa huru kuliko wa sisi jamaa wa damu. Baba yake alichukuliwa kutoka upande wa Nyasa. Alipomuona baharia anainama kuingia mlangoni, alisimama na dele, lile birika la kahawa, mkononi, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye Mzungu?" akasema. "Basi na mie nilizaliwa London."

Wazee wakacheka. Ami hakucheka. Akamkaribisha, akamkalisha, mie nikakaa ubavuni kutafsiri, maana wale wazee wengine hawakijui Kiswahili, wanajua Kiarabu tu, na Kiarabu changu kilikuwa bado kinachechemea.

"Muulize," Ami akaniambia kwa Kiswahili, akasahau kuwa mgeni anasikia, "kama anaijua Fatiha."

Baharia akaisoma. Aliisoma kwa matamshi ya Kituruki, anaikumbuka kama mtu anavyokumbuka njia ya nyumba ya shangazi, mara anasita, mara anakimbia. Ami akasikiliza mpaka amin. "Kavunja vyombo," akasema, "lakini kafika."

Wakamuuliza nchi yake ikoje. Akasema, "Nchi yangu mlima, mlima, mlima. Sisi nasema, Mungu wakati anagawa mawe dunia nzima, gunia pasuka juu ya kwetu."

Ami akasema astaghfirullah kwanza. Kisha akatazama dirishani, ambako jabali la Matrah limesimama jeusi halina hata jani, akasema, "Na yaliyobaki akayamwaga hapa." Nilipotafsiri, sabla nzima ikavunjika mbavu. Mzee mmoja akasema basi sisi ni majirani, wao wana Mlima Mweusi na sisi tuna Jabali Akhdhari, Mlima wa Kijani, ingawa ukijani wake nao ni wa jina zaidi.

Wakamuuliza Waturuki waliwatawala? Akasema pwani ndiyo, Ulchini karne tatu. Juu mlimani hapana, Mturuki akipanda na jeshi anashuka bila jeshi. Basi nani akitawala juu? Akasema, "Juu watawala maaskofu. Wakubwa wa dini. Vita wao, hukumu wao, sala wao. Pwani mwengine, mlimani mwengine."

Nikaitafsiri ile, mdomo wangu bado wazi, nikaona sabla imenyamaza. Kwa wasiojua: Omani nayo haikuwa mbali na miaka ya vita baina ya Imamu wa bara na Sultani wa pwani, na mambo hayo hayakuzungumzwa kwenye haluwa. Mzee mmoja akakohoa, mwengine akakohoa. Mimina kahawa wetu akagonganisha vikombe kwa nguvu, akasema, "Na mfalme? Hawakuwa na mfalme? Tuambieni khabari za harusi!" Mungu amlipe. Baharia akasema walikuja kuwa na mfalme, maskini wa mali lakini tajiri wa binti, akawaoza kwa wakubwa wa Ulaya, mmoja akawa malkia wa Italia. Wazee wakampenda mfalme huyo mara moja. Mmoja aliyekuwa na binti saba akauliza alifanyaje.

Wakauliza mnaishi kwa nini? Zeituni, akasema, tumbaku, chumvi, samaki wa ziwa kubwa, kondoo. Na meli. Na utani. Alisema watu wa mlimani kwao wana msemo kuwa mtu huzaliwa amechoka, basi huishi ili apumzike. Ami akasema kumbe pale pana watu wenye hekima.

Mie moyo ukaanza kunipa tamaa. Nikamtazama Ami, nikaona uso wake umejifunga tena. Alikuwa amemfurahia mgeni, lakini jawabu lake lilikuwa limeshapikwa. Akaashiria kahawa.

Sasa hapa lazima nisimame nikuelezeni kitu, maana na mie siku ile sikukijua. Kwa Waarabu, mgeni mwenye haja kubwa akipewa kahawa haombi kwa maneno. Anakipokea kikombe, anakiweka chini mbele yake, hanywi. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua. Ni aibu kubwa mgeni aondoke kahawa yake imekaa. Basi mwenye nyumba humwambia, kunywa kahawa yako, lako limekwisha. Na akishasema hivyo, mbele ya watu, lazima alitimize.

Na kwa watu wa Mlima Mweusi, kahawa ni ya Kituruki. Inachemshwa na unga wake, inamiminwa na unga wake, na ukiinywa papo hapo unakula tope. Kwa hiyo mtu anaiweka chini, anangoja machicha yashuke, anazungumza, anavuta pumzi, ndipo anainywa.

Baharia akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, vizuri kama nilivyomfundisha. Akakiweka juu ya zulia mbele yake. Akakunja mikono. Akangoja.

Wazee wakaacha kuzungumza, mmoja baada ya mwengine. Mie nikaona macho yote kwenye kikombe, nikadhani nzi kaingia. Nikamnong'oneza, "Kunywa." Akaniambia kwa upole, "Bado, rafiki. Bado."

Ami akawa anatazama dirishani, anajifanya hakuona. Angeweza kutazama dirishani mpaka alasiri, nnamjua. Lakini mimina kahawa akasogea akasimama katikati ya chumba, dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya mwadhini:

"Bwana, mgeni hajanywa."

Basi. Hapo hakuna dirisha tena. Ami akageuka. Akatazama kikombe, akamtazama baharia, akatazama wazee, na wazee wakamtazama yeye. Ami akasema pole pole:

"Kunywa kahawa yako. Lako limekwisha."

Wazee wakashusha pumzi. "Baraka Allah," mmoja akasema. Mie sikuelewa, nikatafsiri tu, "Anasema unywe." Baharia akachungulia ndani ya kikombe, akaona kweupe, hakuna machicha, akakinywa mara moja, akashangaa, akakitazama chini, akageuza mdomo kwangu, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Rafiki! Kahawa yenu hapana tope! Mimi nangoja bure!"

Ami, ambaye Kiswahili ni chake tangu kuzaliwa, aliganda. "Anasema nini?" mzee mmoja akauliza. Mie nikajua nimeharibu kitu lakini sijui kipi. Ami akaniuliza, taratibu, "Alikuwa anangoja nini?" Nikamueleza habari ya kahawa ya Kituruki na machicha yake, kama nilivyoisikia hospitali. Kila neno lilivyotoka nikawa natamani kulirudisha.

"Yaani hakuweka haja."

"Haja gani, Ami?"

Mzee mmoja mwenye Kiswahili kidogo alikuwa ameshaanza kutikisika kwa kicheko ndani ya kanzu. Ikafika kwa wa pili, wa tatu. Mimina kahawa akasema, "Bwana, mate yakishatoka mdomoni hayarudi." Ami akamkazia macho mpaka nikadhani dele litaanguka. Kisha akanyosha mkono akachukua kipande cha haluwa, akakila, akafuta vidole.

"Nimemwambia anywe," akasema. "Amekunywa. Mjinga ni mie niliyemtazama komunisti nikamuona Mwarabu. Kesho nakwenda kwa liwali."

Baadaye jikoni nilimuuliza mimina kahawa, wewe ulidhani kweli ana haja? Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. "Mie nimemimina kahawa tangu meno ya kwanza. Mtu mwenye haja hutazama uso wa bwana. Huyu alikuwa anachungulia kikombe. Lakini kikombe kikikaa chini, kimekaa chini." Akaongeza, maana habari za babu wa baharia nilikuwa nimeshamsimulia, "Na wewe ulitaka nimuache apelekwe ngomeni, mjukuu wa mtu aliyechukuliwa kama baba yangu?"

Ami kweli alikwenda kwa liwali. Akasema mgeni huyu yu katika shingo yangu, nimempokea hai nitamtoa hai. Baharia akahamia kwetu, akalala sablani.

Siku za kwanza Ami alikuwa akipita kama hapana mtu. Kisha wakaanza kugombana kuhusu miti. Ami akisema hakuna mti kama mtende, unakupa tende, kivuli, kamba, mkeka na boriti. Baharia akisema mzeituni bora, karibu na kwao uko mmoja wanasema umepita miaka elfu mbili na bado unazaa. "Mti usiokufa una inda," Ami akamjibu, "haupishi watoto." Nnavyodhani walikuwa wakisubiriana asubuhi ili waendelee.

Hata siku moja, baina ya mtende na mzeituni, Ami akamuuliza kwa kejeli, "Na hayo makomunisti yenu, yamekupa nini?" Baharia akasema, "Nipa kazi. Chukua jahazi ya babu." Ami akaweka chini mswaki wake. Jahazi lipi? Lile la babu, akasema, jahazi la familia, walikuja watu wa serikali baada ya vita wakasema sasa ni la wote. Lilioza likiwa la wote.

Akaniita mie, niliyekuwa uwani, kama nimefanya kosa. "We! Kwa nini hukuniambia mapema? Huyu na yeye kachukuliwa!" Kuanzia hapo baharia alipewa mto wa kuegemea, na Ami akawa anampelekea wazee kumuonesha, "Huyu hapa, muulizeni, jahazi zima!" kama kwamba kuibiwa ni shahada.

Meli ikaja asubuhi moja, ikapiga honi nje ya Matrah. Wakala akatuma kijimashua kumchukua. Ami akasema hapana, mtu aliye shingoni mwangu hatoki kwa mashua ya wakala. Akashuka pwani na bakora yake, kanzu kaikunja, akaingia mashuani, na mie nyuma yake nimebeba kifurushi cha haluwa na kapu la tende za kumpelekea yule mke aliyekasirika. Ami bahari alikuwa haipendi tangu safari ya kuja huku. Njia nzima alifumba macho akisoma.

Tukafika ubavuni mwa meli. Ukuta wa chuma, juu yake nyuso nyeupe zinapiga kelele za furaha, na ngazi ya kamba inaning'inia. Baharia akamkumbatia Ami pale pale, mashua ikayumba tukakaribia kuzama sote. Akasema Kiswahili chake chote alichonacho, nacho hakikutosha, akamalizia kwa lugha ya kwao. Ami akamsukuma, "Nenda, nenda, unanilowesha."

Akashika ngazi. Mkono mmoja kamba, mkono mmoja tumboni, akapanda. Akafika katikati akataka kujionesha kwa wenzake, akaanza kuvipanda vipago vya ngazi mbio kama kijana. Na Ami, aliyekuwa hawezi kusimama mashuani bila ya kushikwa, akasimama wima, bakora juu, akapiga ukelele uliosikika mpaka pwani:

"Pole pole, we komunisti! Utafungua mshono!"